Kabla ya kuilaumu jenereta, angalia gesi unayoilisha

Msomaji ameuliza kwa nini jenereta ya bayogesi kwenye mtambo wao wa majitaka inapoteza nguvu na kumaliza plagi kila mara, ilhali gesi ipo tele. Fungua kichwa cha silinda. Ukikuta ukoko mweupe, mgumu kama kioo, umeganda kwenye vali na juu ya pistoni, hiyo ni silika, madini yale yale ya mchanga. Chanzo chake ni siloksani, yaani kemikali zenye silikoni zilizomo kwenye shampuu na vipodozi: hunasa kwenye tope, hupaa na gesi, zikiungua zinabaki silika. Utabadilisha plagi mpaka uchoke.

Dawa ni kichujio cha mkaa amilifu (mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa kemikali), ila wengi hukosea mpangilio. Salfidi ya hidrojeni, ile gesi inayonuka mayai viza, itolewe mwanzo, kwa kutia kloridi ya chuma kwenye tope kabla halijaingia kwenye tangi linamooza na kutoa gesi. Kisha gesi ipozwe hadi karibu 5°C ili maji yadondoke, ipashwe tena kidogo, ndipo iingie kwenye mkaa. Mkaa uliolowa haushiki kitu. Funga vichujio viwili mfululizo, chukua sampuli katikati yake. Siloksani zikianza kuonekana hapo, cha kwanza kimejaa.

Salfidi inayoponyoka hugeuka tindikali ndani ya oili. Kwa hiyo oili ipelekwe maabara kupimwa silikoni na akiba yake ya alkali (uwezo wake wa kuzima tindikali), na ibadilishwe kwa majibu hayo, si kwa kalenda. Wala usizimezime injini: ikipoa, mvuke wenye tindikali huganda humo humo na kula chuma.

Tangi nalo lina masharti yake. Joto likae 35 hadi 37°C, lisiyumbe zaidi ya 1°C kwa siku. Tope likolezwe hadi yabisi, yaani kitu kikavu kilichomo, ifike 4 hadi 6%, maana tope jepesi linakufanya upashe maji ya bure. Lilishwe kidogo kidogo mchana na usiku. Kulimwagia shehena nzima asubuhi ni kuita povu, na povu likiingia kwenye bomba la gesi utatamani ungesikia. Usikae unasubiri pH (kipimo cha uasidi) ishuke, kwani hiyo huchelewa kusema. Fuatilia uwiano wa asidi na alkali ndani ya tangi: ukivuka 0.3 na unaendelea kupanda, punguza mlisho siku hiyo hiyo.

Gesi yenye methani 60 hadi 65% hubeba takriban kWh 6 kwa kila mita ya ujazo. Injini nzuri itakupa umeme wa kWh 2 na kitu, na joto lake lirudishwe kupasha tangi. Anayekuahidi umeme wa kWh 4 anakuuzia karatasi.

Na unapotoa tope, usilitoe haraka kuliko gesi inavyoweza kujaza nafasi. Tangi litavuta hewa, na methani ikiwa 5 hadi 15% ndani ya hewa, cheche moja inatosha. Vali ya kuzuia ombwe ikaguliwe kabla ya kazi hiyo, kila mara.