Kwa mnaostaafu na kurudi Amu

Nduzangu mnaokaribia miaka 60 na kufungasha Nairobi au Mombasa mrudi Amu, yaani mji wa Lamu, habari ya pensheni waulizeni wengine. Mimi nazungumzia saa kumi za jioni.

Baada ya Alasiri wanaume hutoka barazani, kahawa chungu ikapita, na uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ukajaa wacheza bao na dhumna. Chagua baraza moja, uwe mtu wa pale; anayezizungukia zote huwa mgeni kila mahali. Cheo kiache kazini. Aliyekuwa mkurugenzi bara, hapa ni mwana wa fulani tu. Sikiliza kwanza, na zamu yako ya kahawa ikifika, lipa bila hotuba.

Lakini jambo zito liko nyumbani, na halisemwi. Miaka yote uliyokuwa kazini, mkeo alijenga maisha yake humo ndani: mashoga wa chama, jirani aliyekuja kuomba ndimu akakaa mpaka Adhuhuri, wanaopakana hina na kupanga harusi. Sasa wewe ukikaa ukumbini kutwa na redio yako, hao hawaingii. Hupiga hodi, wakasikia kikohozi cha mwanamume, wakarudi. Halafu washangaa mama watoto amenuna! Wazee wetu hawakujenga daka, kile kibaraza cha mawe cha kuketi mlangoni, kwa pambo. Kaa hapo, pokea wageni wako hapo, au toka asubuhi urudi kwa chakula.

Tafuta pia kazi ndogo yenye saa yake, ambayo usipokwenda mtu atauliza uko wapi. Wapo wazee wengi wanaohitaji kusomewa ujumbe wa simu au kusaidiwa na fomu za Inua Jamii, zile pesa za serikali za waliofika miaka 70. Kushika daftari la michango ya msikiti nako kwafaa, kama hesabu zako ni safi.

Maziko hayatumwi kwa M-Pesa. Mchango tuma, kisha nenda ukabebe jeneza na ukae matangani. Kundi la WhatsApp la wenzenu wa ofisini msilitegemee. Baada ya mwaka hubaki heri za Idi na tangazo la nani amefariki.

Na msingoje barua ya kustaafu. Likizo zenu za mwisho zipangeni Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha: walio mbali hurudi, na barazani hamtaketi kabla hamjaulizwa nyinyi ni wa nani.