Mng'aro Ulinidanganya: Kwa Mnaosaka Shaba ya Porfiri

Jana msomaji mmoja kanitumia picha ya jiwe linalometameta manjano, chini kaandika: "Mwalimu, nimetoboa?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe.

Nilikuwa mjiolojia mchanga, nimekabidhiwa kuchagua mahali pa kuchoronga mashimo matatu. Yote nikayaweka penye kutu nyekundu, ambako kila nikipiga nyundo pairaiti, madini ya manjano ya chuma na salfa, inanimulika usoni. Majibu ya maabara yakarudi: chuma na salfa tele, shaba hata ya kusingiziwa haipo. Mkuu wangu akaisoma ile karatasi mbele ya kambi nzima, akanibatiza "Bwana Mng'aro". Mashimo yangu yamesahaulika zamani, lakini jina lile bado linanichoma.

Kosa langu? Sikuchora ramani. Porfiri, yaani hazina kubwa ya shaba iliyotawanyika ndani ya mwamba, huzaliwa pale magma (mwamba ulioyeyuka) inapopoa kilomita chache chini ya ardhi na kuachia maji ya moto yenye chumvi na metali. Shinikizo hupasua mwamba ukawa mtandao wa nyufa, na shaba hubaki humo. Maji hayohayo hugeuza miamba kwa pete, kila moja na madini yake: kitovuni feldispa ya potasiamu na bayotaiti, kisha serisaiti na pairaiti, nje kabisa kloraiti na epidoti za kijani. Mimi niliganda pete ya pili, ya pairaiti, nikidhani nimefika nyumbani.

Wakati mimi nazubaa, somo lilikuwa wazi tangu 1965. Pale kwenye mgodi wa shaba wa San Manuel, Arizona, mjiolojia J. David Lowell alizisoma pete akaona hazijakamilika: mwamba ulikuwa umekatwa na nusu yake kusogezwa. Akachoronga kuifuata, akaipata nusu hiyo, inayoitwa Kalamazoo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, chora ramani kwanza. Na msidharau mwamba wa kijivu usio na sura! Porfiri nyingi hazifikishi hata asilimia 1 ya shaba, lakini ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya shaba ya dunia, pamoja na metali ya molibdeni na dhahabu. Bingham Canyon kule Utah wanachimba shimo la wazi tangu 1906. Ukubwa ndio mali. Tamaa ya kung'aa tuiache, na ramani, narudia, ichorwe kabla ya shimo la kwanza.

Wewe wa picha: vile vipande vya mraba ni pairaiti. Rudi, tembea pande zote nne, uniambie epidoti inaishia wapi.