Sinkopesheni: mkazo unapohama mahali pake

Ndugu, umeeleza kwamba mwalimu wa dansi anakutaka ucheze kwa sinkopesheni, nawe kila ukijaribu unaambiwa umewahi mdundo, yaani umekanyaga kabla ya pigo kufika. Tatizo hilo nalifahamu vizuri, na kuwahi mdundo ni jambo tofauti kabisa na sinkopesheni.

Katika muziki, sinkopesheni ni kuuhamisha mkazo kutoka kwenye pigo ambako sikio linautarajia na kuuweka kwenye pigo dhaifu, au katikati ya mapigo mawili. Katika dansi, neno hilo mara nyingi humaanisha kuongeza hatua ndani ya muda uleule, kama katika chachacha, ambako hatua tatu hukanyagwa katika mapigo mawili na kuhesabiwa "nne-na-moja". Muulize mwalimu anakusudia maana ipi.

Kabla ya kusimama, kaa kitini, weka metronomu (kifaa cha kupiga mapigo kwa kasi isiyobadilika) kwenye mapigo 60 kwa dakika, gonga mguu kwenye kila pigo huku ukihesabu "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na", kisha piga makofi kwenye "na" peke yake. Mguu utataka kuufuata mkono. Wangu ulifanya hivyo kwa wiki kadhaa. Ukiona mguu umehama, acha kwanza, kisha uanze upya, kwa sababu bila pigo thabiti chini yake, mkazo uliohamishwa husikika kama kosa tu.

Usiongeze kasi mapema, maana hatua za haraka huelemea kifundo cha mguu na goti. Maumivu yakibaki hata baada ya kupumzika, mwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuendelea na mazoezi.