Kabla ya kuweka mfumo wa majaribio kwenye kompyuta yako, andaa njia ya kurudi

Toleo kamili la mfumo endeshi ninaoutumia nyumbani limetoka juzijuzi, na katika orodha ndefu ya marekebisho yake upo mstari mmoja unaohusu kadi ya Wi-Fi inayopotea kompyuta ikiamka usingizini. Hitilafu hiyo niliiripoti mimi, nikiwa kwenye toleo la majaribio (beta), yaani lile linalotolewa mapema ili watu walijaribu. Niliusoma mstari ule, nikamwita mume wangu naye ausome, halafu nikausoma tena peke yangu. Jina langu halimo, wala sikulitarajia. Lakini wapo watu nisiowajua, wenye kadi kama yangu, watakaowasha mashine zao wakute intaneti ipo, wala wasijue kwamba iliwahi kukosekana. Hilo limenifurahisha kuliko kazi nyingi nilizowahi kulipwa.

Katikati ya furaha hiyo ukaingia ujumbe wa kijana mmoja. Ameniruhusu niuweke hapa: "Dada, shikamoo. Nilijiunga na majaribio ya Windows, nikabadilisha na vitu fulani kwenye BIOS kama nilivyoona kwenye video. Sasa kompyuta nikiiwasha inaleta skrini ya bluu inadai namba ndefu ambayo sijawahi kuiweka. Fundi anasema dawa yake ni kufomati. Picha za marehemu baba zimo humo. Nifanyeje?"

Nilimjibu palepale, na jibu nalirudia kwa faida ya wengine: usifomati. Skrini hiyo ni ya BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski nzima. Kwenye kompyuta nyingi za kisasa kinga hiyo hujiwasha yenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, ndiyo maana mwenye mashine hakumbuki kuiwasha. Ukigusa mipangilio fulani ya BIOS, programu ndogo inayoiandaa kompyuta kabla Windows haijawaka, kinga hiyo inashuku kwamba diski iko mikononi mwa mtu mwingine, inagoma mpaka ipewe ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia kwa simu, tafuta sehemu ya vifaa vyako, utaukuta pamoja na kitambulisho chake, na kitambulisho hicho lazima kilingane na kile unachokiona kwenye skrini ya bluu. Kijana aliukuta. Picha za baba yake leo zina nakala nje ya ile kompyuta, maana sikumwacha apumue mpaka aliponionyesha.

Fundi aliyemwambia afomati simjui na sina ugomvi naye. Ila kumwambia mtu afute diski kabla hujamuuliza habari za ufunguo ni kumdhulumu. Wangapi wamepoteza kumbukumbu za familia kwa ushauri wa namna hiyo?

Baada ya kutulia aliniuliza: "Sasa dada, wewe unaweka matoleo haya ya majaribio kila mwaka na hulii. Siri yako nini?" Siri hakuna. Sijawahi kuingia kwenye mfumo wa majaribio kabla ya kuandaa njia ya kutoka. Kazi yote imo humo, na ndiyo sehemu ambayo watu hawataki kuisikia, kwa sababu kila mtu anataka kuona sura mpya, menyu mpya, rangi mpya.

Kwanza bekapu. Nisikilizeni vizuri hapa: kunakili folda mbili za picha kwenye flashi ni jambo jema lakini halitoshi. Mimi natumia programu ya Clonezilla kuchukua taswira ya diski nzima, yaani nakala yake kamili, pamoja na patisheni (sehemu za diski) zile ndogondogo za kuwashia ambazo watu huzisahau, naiweka kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo naichomoa kabisa. Halafu najaribu kurudisha kitu kutoka humo na kukifungua. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Pili, flashi yenye mfumo wako wa sasa, ule ulio imara, tayari kuwaka. Iandae leo, kompyuta ikiwa nzima. Siku kompyuta imegoma utaiandalia wapi?

Tatu, na hili ndilo lililoniokoa mara nyingi: diski ya pili. Mfumo wa majaribio nauweka kwenye diski yake peke yake, na wakati wa kusakinisha nachomoa waya wa diski kuu. Nimewaona watu wakichagua diski ya pili vizuri kabisa, wakaridhika, kumbe programu ya usakinishaji imeenda kuandika faili zake za kuwashia kwenye diski ya kwanza. Siku wakifuta mfumo wa majaribio, mfumo wa kila siku nao hauwaki. Ukichomoa waya, hakuna pa kukosea. Kama mashine yako ina nafasi ya diski moja tu, jaribu kwenye kompyuta nyingine, au tumia VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Humo utaona sura na kuchezea programu, japo hutajua kama spika, kadi ya grafiki na Wi-Fi yako zinaelewana na mfumo mpya.

Hatua za kusakinisha zenyewe sitazieleza. Ni zilezile za mfumo wowote, na siku hizi zimerahisishwa mno. Nitasema moja tu: ukishapakua faili la ISO, lile lenye mfumo mzima ndani yake, hakiki alama zake za SHA256, ambazo hubadilika faili likibadilika hata kidogo, kabla ya kulichoma kwenye flashi. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Zitatoka herufi na tarakimu 64, zilinganishe na zile zilizotolewa na watengenezaji. Nusu ya malalamiko ya "mfumo huu mbovu" ninayoletewa ni faili lililopakuliwa likakatikia njiani.

Kwa nini nasisitiza bekapu mpaka nachosha? Kwa sababu watu wanadhani mfumo wa majaribio ukikosea utaganda tu, uzime, uwashe, basi. Wanaokumbuka beta ya Windows 7 ya Januari 2009 wanajua ilikuwa na kasoro iliyokata sekunde za mwanzo za nyimbo za MP3. Iliharibu mafaili yenyewe, kwa hiyo hata ukirudi kwenye mfumo wa zamani wimbo umeshakatwa. Microsoft ilitoa kiraka mapema, ila aliyekwisha kuunganisha maktaba yake yote ya muziki bila nakala aliumia. Na matoleo haya yana tarehe ya kufa. Lile la mwisho la majaribio ya Windows 7 lilipofika Machi 1, 2010 likaanza kujizima kila baada ya saa mbili, na Juni 1 mwaka huohuo muda wake ukaisha kabisa. Mfumo wa namna hiyo huwezi kuugeuza nyumba ya kudumu.

Sasa niwasimulie kuhusu ule mstari.

Nilikuwa nimeweka beta ya Linux kwenye diski ya pili, na mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuifanyia kazi zangu za kawaida. Jioni moja niliilaza kompyuta, nikaenda kushughulika na watoto, niliporudi nikagusa kipanya ikaamka. Alama ya Wi-Fi haipo. Nikafikiri mtandao umekatika, lakini simu ilikuwa hewani. Nikaandika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa kwenye ubao mama: kadi ya Wi-Fi haikutajwa hata kidogo. Nikazima na kuwasha, kadi hii hapa. Nikailaza tena makusudi, nikaiamsha, kadi imeondoka. Hapo nikafurahi, na anayeripoti hitilafu atanielewa. Hitilafu unayoweza kuiita ikaja ndiyo inayotibika.

Niliandika ripoti kwa utulivu. Aina ya ubao mama, aina ya kadi, namba ya kerneli (kiini cha Linux kinachoongoza vifaa), nilichofanya hatua kwa hatua, nilichotarajia, kilichotokea. Nikaambatanisha kumbukumbu za mfumo kutoka journalctl -b -1, ambayo hukupa yaliyoandikwa kabla ya kuwasha mara ya mwisho. Mle ndani mstari ulioonyesha kadi imeshindwa kuamka ulikuwa wazi.

Jibu likaja kutoka kwa aliyeipokea ripoti: mashine yako ni ya zamani, tatizo ni la kifaa. Ripoti ikafungwa.

Maneno hayo yaliniuma, na sitaficha kwamba yananiuma mpaka leo. Aliyeyaandika hakuuliza swali hata moja. Hakuona kwamba nilishaeleza kwamba kadi ileile, kwenye mfumo imara, hulala na kuamka bila shida. Nilihisi kuambiwa kwamba watu wenye mashine za kawaida za nyumbani hawana nafasi kwenye majaribio, wakati sisi ndio tulio wengi, na majaribio yamewekwa kwa ajili yetu.

Sikubishana naye. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijawaka, chini ya chaguo za ziada, nilichagua kerneli ya zamani nikawasha nayo. Nikailaza kompyuta, nikaiamsha: kadi ipo. Nikapakua kerneli za katikati, mojamoja, nikawa naziwasha, nazilaza, naziamsha, nikiandika matokeo kwenye daftari. Kazi hiyo inachosha na sitaipamba. Mwishoni nilikuwa na matoleo mawili yanayofuatana: moja linaamsha kadi, linalofuata linaiua. Nikarudi, nikaweka namba hizo mbili na matokeo yangu, nikaomba ripoti ifunguliwe upya.

Aliyejibu safari hii alikuwa mwingine. Alinishukuru, akanipa kerneli yenye kiraka niijaribu. Nikaijaribu. Kadi ikaamka, nikailaza tena na tena, ikaamka kila mara. Na sasa marekebisho hayo yamo kwenye toleo kamili.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye neno langu kubwa. Wengi wetu tunaweka matoleo ya majaribio ili tuwe wa kwanza, tupige picha ya skrini, tuwaonyeshe wenzetu. Likitusumbua tunafuta, tunalisema vibaya, tunakwenda zetu. Hitilafu inabaki palepale, inatoka na toleo kamili, inampata mtu asiyejua hata maana ya beta. Ulipewa mfumo kabla ya wengine ili useme unachokiona. Kama huna nia ya kusema, subiri toleo kamili kama wengine, halina aibu.

Na ukisema, sema mpaka usikike. Oktoba 2018 Microsoft ilianza kusambaza sasisho la Windows 10, toleo 1809, na ndani ya siku chache ikalisimamisha kwa sababu lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Miongoni mwao walikuwemo waliohamishia folda kama za nyaraka na picha mahali pengine, diski D kwa mfano, huku mafaili mengine yakiwa bado kwenye folda ya zamani. Sasisho likaifuta folda ile na vilivyomo. Wapo wajaribu waliokuwa wamelieleza tatizo hilo kabla, lakini kwenye programu ya maoni ya Windows ripoti zao hazikupigiwa kura nyingi na wajaribu wenzao, zikazama chini ya nyingine. Sasisho lilirudi Novemba, na programu ya maoni ikaongezewa mahali pa kueleza uzito wa tatizo. Kila nikikumbuka hilo nawaza: laiti wengine waliokutana na jambo lile wangepoteza dakika moja kuzipigia kura ripoti hizo. Kwa hiyo kabla ya kuandika yako, tafuta kama mwenzako ameshaandika, ongeza ushahidi wako hapohapo. Ripoti moja, tatizo moja. Na bekapu, tafadhali, bekapu kabla ya yote.

Kwa anayeanza, upande wa Windows ajiunge na Release Preview, njia ya majaribio inayotoa matoleo yaliyokaribia kukamilika, aachane na Dev na Canary, zenye matoleo mabichi, mpaka azoee, kwa sababu kutoka huko kurudi toleo la kawaida kwa kawaida kunataka usakinishe upya. Kabla ya kugusa BIOS, nakili ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi na usimamishe kinga hiyo kwa muda. Upande wa Ubuntu au Fedora, ambazo ni aina za Linux, anza na beta inayotoka wiki chache kabla ya toleo kamili; matoleo ya mapema zaidi hubadilika kila siku.

Toleo kamili likishatoka, aliyeko kwenye beta ya Ubuntu hahitaji kusakinisha upya: akiendelea kupokea masasisho ya kawaida atakuwa amefika. Wa Release Preview anaweza kuchagua kwenye mipangilio kuacha kupokea matoleo ya majaribio toleo lijalo litakapotoka. Wa Fedora atazame jambo moja zaidi, kwa sababu beta yake huja na hazina ya updates-testing ikiwa imewashwa. Masasisho ya kawaida huizima toleo kamili linapokaribia, lakini andika dnf repolist uhakikishe haimo tena kwenye orodha, usije ukaendelea kupokea vifurushi vya majaribio huku ukidhani uko kwenye mfumo imara.