Usifute nyusi: kwa nini mchoro haufanani na mwenyewe

SWALI: Namchora baba yangu kwenye kompyuta kutoka picha ya simu, kwa ule mtindo wa rangi chache, uso hauna macho wala mdomo. Kwanza niliiachia Inkscape, programu ya kuchorea, igeuze picha yenyewe kuwa mchoro, yakatoka mabaka chungu nzima. Nikachora kwa mkono juu ya picha, lakini kila anayeuona mchoro anauliza, "Huyu nani?" Picha ilipigwa usiku kwa flashi. Nakosea wapi?

JIBU: Tuanze na picha, maana hapo ndipo kazi ilipoharibikia. Flashi ya simu iko ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo mwanga unampiga mtu usoni na kumeza vivuli vya chini ya nyusi, kando ya pua na chini ya kidevu. Mchoro wa rangi tatu au nne unategemea vivuli hivyo hivyo. Tafuta picha aliyopigwa mchana karibu na dirisha, mwanga ukitokea upande mmoja, na uso ukiwa umegeuka kidogo ili pua na taya vionekane umbo lake.

Mabaka yanatokea kwa sababu programu haijui pua ni nini. Kwake, mkunjo wa shati na kivuli cha pua ni kitu kimoja. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, itie ukungu kidogo, kisha ipunguze ibaki na viwango vitatu vya mwanga. Ule ukungu unayaunganisha madoa madogo. Mtu akiwa na ngozi nyeusi na nyuma yake kuna ukuta mweupe, kwanza mtenganishe na ukuta huo. Usipofanya hivyo programu itapima giza kwa kuulinganisha uso na ukuta, na uso wote utageuka doa moja jeusi.

Sasa huo uso mtupu. Nahisi ulipofuta macho ulifuta na nyusi. Mwaka 2003 mtafiti Javid Sadr na wenzake wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliwaonyesha watu picha za watu mashuhuri, nyingine zimefutwa macho, nyingine nyusi. Zilizokosa nyusi ndizo zilizokuwa ngumu zaidi kutambulika. Kwa hiyo zirudishe nyusi za mzee, kila moja umbo moja la rangi nzito, na ufuate mteremko wake halisi. Ya kushoto ikiwa juu kuliko ya kulia, iache hivyo hivyo. Wengi huzilinganisha ili mchoro upendeze, na mwenyewe anapotelea hapo. Miwani pia isitolewe, kama anavaa.

Kabla ya kufuta chochote, jaza kichwa na mabega yote rangi nyeusi, upunguze ukubwa hadi kidole gumba, kisha uwaonyeshe ndugu. Wakimtambua kwa nywele, sikio, taya na namna shingo inavyokaa, macho na mdomo vinaweza kuondoka. Wasipomtambua, mwachie walau kivuli cha chini ya mdomo. Mimi binafsi nyuso tupu kabisa hazinivutii, ila hilo ni suala la ladha.

Unapochora kwa kalamu ya vekta, ile inayounda mistari kwa kuunganisha pointi, weka pointi pale tu mstari unapobadili mwelekeo. Pointi zikizidi, taya inakuwa na mawimbi. Nywele nyeusi zikikutana na kivuli cheusi cha shingo, usichore mpaka kati yake. Mchoraji Félix Vallotton, katika michoro yake ya miaka ya 1890 iliyochongwa kwenye mbao na kuchapwa, aliacha weusi uungane hivyo na jicho la mtazamaji likamalizia.

Hifadhi faili la SVG, yaani la mchoro wa vekta wenyewe, ili uweze kurekebisha baadaye. Kwa kuchapa kwenye A4, toa PNG, yaani faili la picha ya kawaida, ya pikseli 2480 kwa 3508, na ukumbuke kuificha kwanza ile picha ya simu uliyochorea juu yake.