Waulize Mafundi wa Tangi: Nywele za Kijani, Kamasi ya Kahawia

SWALI: Nina tangi la matumbawe la lita 240, lina mwaka na nusu sasa. Maji nachota hori la Tudor kwa sababu ndiko karibu. Mawe yameota nywele za kijani ndefu kama kidole. Nimeng'oa mara tatu na kila mara zinarudi ndani ya wiki mbili. Linalonichanganya ni vipimo: fosfati 0.02, nitrati 5 (mg kwa lita). Sasa huu mwani unakula nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Unakula kabla hujashika kipimo. Kipimo kinakuonyesha kilichobaki majini, si kilichoingia, na msitu wa nywele kama huo hunyonya fosfati karibu yote inayotoka kwenye chakula na mavi ya samaki. Pia mawe na mchanga wa tangi ni chokaa, nayo chokaa hushika fosfati maji yakiwa machafu na kuiachia taratibu yakisafika. Miezi kumi na minane ya maji ya hori imeyalisha mawe yako vya kutosha.

Kwa hiyo anza na dumu, si tangi. Pima maji kabla hayajaingia ndani. Ukikuta nitrati 10 humo, kubadilisha maji ni kuutilia mwani mbolea. Kama ni lazima uchote baharini, chota upande wa bahari kuu, maji yakikaribia kumaliza kujaa, nje ya mwamba kama una mtu wa ngalawa. Masika usichote siku za karibu na mvua. Wa Dar es Salaam nao wasichote karibu na daraja la Selander, maana Msimbazi unamwaga pale pale. La sivyo tumia chumvi ya tangi na maji ya mashine ya RO (inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi na uchafu) yenye chujio la mwisho la resini, TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini) ikisoma 0.

Kung'oa nako kuna namna yake. Zima pampu zote kwanza, kwa sababu kila kipande kinachopeperuka kitaota kwingine. Toa jiwe, liweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi, vuta nywele kwa vidole, kisha sugua mizizi kwa mswaki mgumu. Liinue, na kwa bomba la sindano lisilo na sindano dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 (ile ya duka la dawa) penye mashina tu, mbali na tumbawe lolote. Utaona povu jeupe likichemka. Subiri dakika mbili, suuza kwenye ndoo nyingine ya maji ya chumvi, rudisha. Siku ya pili au ya tatu mashina hupauka. Usifanye zaidi ya robo ya mawe kwa siku moja, maana mwani unaokufa ndani ya tangi unarudisha kila ulichokula.

Taa punguza, ziwake kwa muda wa saa 8 tu kwa siku. Chakula cha barafu kiyeyushe kwenye kichujio cha chai na ule mchuzi wake umwage. Ongeza konokono 10 hadi 12 wa aina ya Trochus, ambao wakipinduka hujiinua wenyewe, lakini usiwaokote ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Tafi (au tasi, au chafi, kutegemea umezaliwa wapi) anakula mwani kama mbuzi, ila lita 240 hazimtoshi akikua, na miiba yake yenye sumu mnaijua.

Chembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfati usinunue sasa, kwa 0.02 hazina cha kunyonya. Zitahitajika nywele zikiisha, kwani hapo ndipo kipimo kitakapopanda, na watu wengi hushtuka wakidhani wameharibu. Ikivuka 0.1, weka nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Fosfati ikiporomoka ghafla, matumbawe ndiyo yanayoumia kwanza.

SWALI: Assalaam aleikum. Tangi langu ni lita 300. Nilijitahidi hadi nitrati na fosfati zote zikasoma sifuri, nikafurahi. Sasa mchanga na matumbawe vimefunikwa kamasi ya kahawia yenye mapovu. Usiku inapungua, mchana imejaa tena. Konokono wanakufa. (Msomaji, Maskati)

JIBU: Waaleikum salaam. Sifuri ndiyo iliyokuponza. Dalili zote zinaelekeza kwenye dinoflajelati (viumbe wa seli moja, wengi wao wanaoishi kama mwani), na hao hushamiri pale ambapo mwani wa kawaida na bakteria wamekosa chakula na nafasi imebaki wazi. Nyinyi wa Oman kundi hili si geni kwenu: wimbi jekundu lililoanza 2008 na kuvuka hadi 2009, lililosimamisha mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji, lilikuwa ni ndugu zao.

Hakikisha kwanza. Nyonya kamasi kidogo utie kwenye chupa yenye maji ya tangi, tikisa mpaka isambaratike kabisa, pitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, kisha acha yale maji yaliyochujika chini ya taa kwa saa moja. Zikijiunga upya nyuzi za kahawia, ni wao. Na tahadhari: unaponyonya kwa mpira, USIVUTE KWA MDOMO. Baadhi yao, hasa Ostreopsis, wana sumu ya jamii ya palitoksini, na huenda ndiyo inayoua konokono. Kwa sababu hiyo hiyo usichemshe mawe ya tangi jikoni. Wapo waliolazwa kwa kuvuta mvuke wake.

Sasa utalisha maji. Nunua sodiamu nitrati safi kwenye duka la kemikali za maabara. Mbolea ya shambani hapana, nyingi zina amonia. Yeyusha gramu 41 katika lita moja ya maji ya RO. Kwa lita 300, kila mililita 10 inapandisha nitrati kwa 1 mg kwa lita. Tia mililita 10 hadi 20 kwa siku mpaka nitrati ifike 5 hadi 10. Kwa fosfati, yeyusha gramu 3.6 za trisodiamu fosfati (ile yenye molekuli 12 za maji) katika lita moja. Mililita 10 zinapandisha 0.03. Hesabu maji halisi, mawe yanakula nafasi: tangi la 300 mara nyingi lina 250 tu. Wiki ya kwanza utatia fosfati jioni, asubuhi ukapima sifuri. Usikate tamaa wala usizidishe mara tatu. Mawe yanashiba kwanza, ndipo kipimo kinasimama. Lengo ni 0.05 hadi 0.1.

Wakati huo acha kubadilisha maji, na weka mkaa wa kuchujia ukiubadilisha kila wiki kwa ajili ya sumu. Ukipata hadubini ya shule, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Anayezunguka palepale kama amefungwa kamba, umbo la tone, ni Ostreopsis: usiku huelea majini, kwa hiyo taa ya UV (ya miale inayoua vijidudu majini) ya wati 25 humpata, mradi inyonye maji kutoka tangi kubwa lenyewe na si tangi la chini (lile dogo la vifaa, chini ya tangi kubwa). Zima taa za tangi siku tatu sambamba na hiyo UV. Lakini ukimwona anateleza polepole mchangani na haondoki hata usiku, huenda ni Amphidinium, na pesa ya UV utakuwa umeitupa. Huyo anashindwa polepole na mwani wa kahawia wa silika pamoja na viumbe wengine wakirudi mchangani. Hesabu miezi, si siku.

SWALI: Mwani wangu si nywele, una umbo la unyoya wa ndege, na konokono hawaugusi kabisa. Tangi lita 120. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Huo ni Bryopsis. Hauogopi njaa wala mswaki. Flukonazoli, dawa ya fangasi, huuweza: 5 mg kwa lita ya maji halisi. Ukiwa na lita 120 kamili ni 600 mg, yaani kapsuli 4 za 150 mg. Mwambie mfamasia ni ya tangi. Fungua kapsuli, koroga unga kwenye kikombe cha maji ya tangi, mimina penye mkondo. Kabla ya hapo toa mkaa, zima UV, na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) iache iingize hewa lakini kikombe chake kiondoe. Siku 14 bila kubadilisha maji. Siku tano za mwanzo hutaona kitu. Baadaye ncha hupauka, zinakuwa kama pamba chafu, na hapo uzinyonye kila siku zisiozee ndani. Kama unafuga mwani kwenye tangi la chini, uhamishie ndoo nyingine, huenda dawa ikaudhuru pia. Siku ya 15 rudisha mkaa na ubadilishe robo ya maji.