Maswali ya wasomaji: bustani ya mboga Nairobi, kuanzia gunia hadi roshani

Tangu tubandike kalenda ya mwaka ya chama chetu cha bustani pale langoni, hapa Eastlands, maswali hayajaisha. Wengine wanapiga simu, wengine wananisimamisha kwa mama mboga nikiwa na haraka zangu. Nimechagua yanayorudi mara kwa mara. Waliouliza kuhusu kuku wanisubiri kidogo, kuku wana kesi yao peke yao.

Nataka kuanza bustani ya mboga lakini sijui nianze mwezi gani. Nyinyi chamani mmeupangaje mwaka? (Msomaji, Umoja)

Mwezi unapangwa na mvua, dada yangu. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na kalenda ya chama imejengwa juu ya hizo mbili. Januari tunakaa na hesabu: mbegu gani zimebaki, nani analeta samadi, pesa ziko wapi. Februari ndiyo mwezi wa kazi ambayo watu hawaioni, yaani kuchanganya mbolea na kusia kitalu. Sukuma wiki inakaa kitaluni wiki 4 hadi 6 kabla ya kupandikizwa. Sasa mtu anayesubiri mvua inyeshe ndipo atafute mbegu, miche yake itakuwa tayari mvua ikiwa njiani kuondoka, kisha atalaumu mbegu.

Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu. Mboga hazifi, ila zinakua kwa kujivuta. Spinachi, kabeji na karoti hazijali sana, lakini kunde zinanuna. Huo ndio wakati wetu wa kutengeneza mboji na kufundishana. Septemba tunasia tena kwa ajili ya vuli, na maonyesho ya kilimo pale Jamhuri yakifika tunakwenda pamoja kutazama vipande vya mfano vya mboga. Nenda siku ya katikati ya wiki. Wikendi ni ya watoto, bembea na vumbi, na hutapata mtu wa kumuuliza swali.

Kama Februari imekupita, usianze kwa hasira mwezi wa Mei. Sia Septemba. Mwenye mfereji usiokauka anaweza kupanda mwezi wowote, lakini mtu huyo Nairobi simjui.

Naishi ghorofa ya tatu, South B. Roshani yangu ilikuwa na jua zuri Desemba, sasa mboga zimekuwa nyembamba na ndefu. Ni mbolea imeisha? (Msomaji, South B)

Kabla hujanunua mbolea, simama kwenye roshani uulize inatazama wapi. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kitu tu, kwa hivyo jua letu huhama. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba linapita upande wa kaskazini, na Desemba linapita kusini. Roshani inayotazama kusini, kama nadhani yako ilivyo, inaota jua mwisho wa mwaka kisha inakaa kivulini miezi karibu sita, na ndani ya miezi hiyo kuna mawingu ya Julai. Mche ukikosa mwanga unarefuka kuutafuta. Ukiumwagia mbolea hapo, utarefuka zaidi na kulala.

Roshani ya mashariki ndiyo ninayoionea wivu: jua la asubuhi mwaka mzima, na adhuhuri kivuli. Wewe wa kusini, miezi hii panda mboga za majani zinazovumilia saa tatu au nne za mwanga, kama spinachi, dania na vitunguu vya majani. Nyanya na hoho ziache mpaka Oktoba. Dania usiipandikize. Ponda mbegu kidogo zigawanyike mara mbili, mwaga pale pale itakapokaa. Na usipandishe gunia huko juu. Udongo uliolowa ni mzito ajabu, na anayeishi chini yako hakuomba maji ya matope kwenye nguo zake. Tumia ndoo za lita 10 zenye mashimo, na uweke sinia chini.

Gunia langu linaota mboga juu tu, zile za ubavuni zimekauka. Kwa nini? (Msomaji, Kayole)

Maji hayafiki. Gunia likijazwa udongo mtupu, maji yanakaa juu au yanapita pembeni, na katikati panabaki pakavu kama tofali. Dawa yake ni ule mnara wa kokoto, na watu wengi wanauruka kwa kuona ni urembo.

Chukua mkebe mkubwa, toa kifuniko na kitako ubaki bomba. Usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndogo ndani yake, kisha uzungushe udongo nje ya mkebe hadi karibu ufikie ukingo. Sasa vuta mkebe juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama na udongo unazishika. Jaza tena, vuta tena, hadi juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe kuanzia kitako hadi kinywani, na maji unayamwaga hapo. Yanashuka na kusambaa pembeni, kila shimo la ubavuni linapata lake.

Udongo wenyewe, madebe mawili kwa debe moja la samadi iliyooza. Iliyooza, nasisitiza. Ukiingiza mkono kwenye rundo ukahisi joto, au pua ikakuambia ni ng'ombe, bado. Ya kuku ndiyo kali zaidi, inachoma mizizi. Na kwa wale wa Embakasi na Donholm wenye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, msiujaze huo peke yake. Tafuteni mwekundu, au mzidishe mboji.

Mashimo yapishane, lisikae moja juu ya jingine. Sukuma ikikua, vunja majani ya chini ukielekeza mkono chini, na uache manne au matano ya juu. Anayekata kichwa anakula siku moja.

Tunabadilishana mbegu za managu na saga chamani. Jirani anasema tunaweza kukamatwa. Ni kweli? (Msomaji, Buruburu)

Jirani yako hakuota. Sheria ya mbegu iliwatishia wakulima kifungo na faini kwa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Wakulima wadogo waliipeleka mahakamani, na mwishoni mwa 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vipengele hivyo vinakiuka katiba. Kwa maoni yangu ilikuwa aibu kwamba ilibidi kwenda huko. Mbegu ya saga imepita kwa mikono ya nyanya zetu kabla hatujawa na bunge.

Mboga hizi zilidharauliwa kama magugu, hadi watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT walipozipigania kwa miaka mingi. Leo managu ukiifikia sokoni jioni imeisha. Basi zitunzeni vizuri. Tunda la managu liive hadi lilegee, liponde majini, osha mbegu, anika kwenye karatasi kivulini. Saga, vuna ganda likianza kuwa la manjano, kabla halijapasuka likamwaga kila kitu. Halafu hili wengi hawalijui: mbegu ya saga iliyovunwa juzi huota kwa shida, kwa sababu imelala. Iweke mahali pakavu miezi mitatu au zaidi, na uandike tarehe kwenye bahasha. Mkutano wetu wa mbegu tuliusogeza kwa sababu hiyo. Watu walikuwa wakipewa saga mbichi wanarudi kulalamika kwamba wamepewa mchanga.

Nyanya! Majani yana michirizi myeupe, mengine yameungua kahawia. Nifanye nini? (Msomaji, Kasarani)

Una wageni wawili. Michirizi ni viwavi wa nondo mdogo ambaye wakulima wanamwita tuta. Aliingia Kenya 2014 na hajaondoka. Inua jani ulielekeze kwenye mwanga: utamwona kiwavi amelala kati ya ngozi mbili za jani, kijani, mdogo kuliko punje ya mchele. Chuma majani hayo uyachome, usiyatupe kwenye mboji. Kahawia ni ukungu, unaopenda baridi na majani yaliyolala na maji. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, na uweke paa la nailoni inayopitisha mwanga.

Mimi anayeanza huwa namkataza nyanya. Terere inalika ndani ya mwezi, nyanya inakudai dawa, vijiti na dua kwa miezi mitatu, halafu pale soko la Marikiti zinashuka bei wiki yako ya kuvuna.

Kuna kipande kitupu kando ya barabara kubwa karibu na nyumbani. Naweza kukilima? (Msomaji, Donholm)

Kaunti ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hivyo kulima mjini si kosa. Kipande chenyewe kina mwenyewe, iwe ni mtu au serikali, na utaanza kwa kuomba ruhusa. Lakini hata wakikupa, mimi singepanda sukuma hapo. Petroli yenye risasi, yaani ile metali yenye sumu (lead), iliachwa Kenya 2006, ila risasi haiozi. Iliyoanguka miaka hiyo yote bado imo udongoni, na moshi na vumbi la leo vinatua juu ya majani unayotaka kula. Kuosha kunaondoa vumbi, si kilichoingia kwa mizizi. Panda maua hapo, au leta udongo safi kwenye magunia, nyuma ya uzio mnene wa mimea. Vivyo hivyo kwa maji ya mto yaliyopitia viwandani, au ya mtaro. Usiyamwagie mboga.

Ndege wenye mkia mrefu na kishungi wanamaliza spinachi yangu. (Msomaji, Langata)

Kuzumburu hao. Wanakuja kundi zima, wananing'inia kama wamelipia. Sanamu ya kutisha wataizoea kufikia Jumatano. Wavu ndio dawa, tena uvutwe ukaze, usije ukawanasa.

Mwembe wangu, hapa Ruai, unachanua kila mwaka lakini hauzai. (Msomaji, Ruai)

Embe linataka joto, ndiyo maana Makueni wanatuuzia. Ukiwa na nafasi, panda parachichi la kuunganishwa (grafted), mpera au ndimu.

Desemba nakwenda mashambani wiki tatu. Nikirudi kila kitu kimekufa. (Msomaji, Komarock)

Hapa ndipo chama kinalipa ada yake. Tunagawana zamu: Waislamu na wale wasiosafiri Krismasi wanamwagilia za wengine, na sisi tunawarudishia siku za Idi. Anayemwagilia anakula anachovuna, hilo halina mjadala. Kabla ya kuondoka vuna sana, ung'oe mikubwa iliyozeeka, utandaze nyasi kavu nene juu ya udongo. Jaza mitungi, maana mgao wa maji hausherehekei sikukuu. Maji ya kusuuza mboga na mchele yanafaa, ya sabuni na jiki hayafai.

Kujiunga ni pesa ngapi? (Wengi)

Mwezi wa kwanza ni bure. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, na saa tatu yetu ni saa tatu. Uje na jembe lako. Ya chama ni mawili, na yote yana wenyewe wasiopenda kuazima.